Miaka Thelathini na Minne ya Kutembea Mipaka: Verlene Ashdown Anastaafu

Tarehe 30 Juni, Verlene Ashdown, mkaguzi wa mipaka katika Ofisi ya Ardhi za Shule hapa Utah, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili. Aliomba wasifu huu uwe mfupi na usiwe na uongo. Nimejitahidi.

Alianza Aprili 1990 akiwa karani wa ramani. Kazi yetu mnaijua. Jimbo lilipoundwa lilipewa viwanja vya maili mraba kwa ajili ya shule, vikatawanyika ndani ya ardhi ya serikali ya shirikisho kama vyumba vya ubao wa drafti. Kiwanja kilicho katikati ya korongo hakiipi shule chochote, na hifadhi inayokizunguka hubaki na tundu. Ndiyo maana hutungwa miswada ya kubadilishana: sisi tunatoa vya korongoni, tunapewa vinavyokodishika, na kodi yake huenda shuleni.

Verlene ndiye aliyeanzisha desturi ya buti. Hakuna kiwanja kinachoingia kwenye orodha ya muswada kabla mkaguzi hajakizunguka kwa miguu na kuyagusa mawe yake manne ya kona. Gari la ofisi lilimzamia mchangani mara kumi na moja. Mara tisa alirudi kwa miguu, na hakuna siku aliyorudi bila vipimo. Kila mgeni kazini, Verlene alimpokea kwa chupa ya pichi alizohifadhi mwenyewe, na onyo: "Kula, mwanangu. Kesho utalia."

Machi 2019 muswada wa Korongo la Sorrel ulikuwa tayari, umebaki saini yake tu. Tarehe 12 alirudi kutoka huko akasema jiwe la kaskazini halipo wala halijawahi kuwapo. Mpimaji wa mwaka 1881, aliyelipwa kwa maili, alikaa kambini akaandika mawe ambayo hakuyaweka, na ramani zetu zote zikamfuata. Mstari wa kweli uko nusu maili kando. Kwa mstari wa uongo, chemchemi pekee ya korongo, inayonywesha kondoo wa porini na kijiji cha Orley kilicho bondeni, ingetoka kwenye hifadhi na kuingia kwenye ardhi ya kukodishia wachimbaji.

"Dada Verlene, nusu maili tu!" alilalamika Rulon Peay, mkurugenzi wetu wa wakati huo. "Nani Washington ataona?"

"Kondoo wataona," alijibu, akavua buti kumwaga mchanga kwenye zulia lake.

Hakusaini. Muswada ukafia kwenye kamati. Jumapili, mlangoni mwa kanisa, mwalimu mkuu mmoja alimkabili mbele ya watu: "Kwa hiyo, Dada, watoto wetu watasomea mawe yako?"

"Hapana, Kaka Thayne. Ila wa Orley wanakunywa maji yale. Nenda kawaulize wao kwanza."

Alinyimwa cheo mara mbili baada ya hapo. Safari ya pili alituletea keki, akasema ni ya kusherehekea kutohamishiwa ghorofa ya juu, kwenye viti visivyo na vumbi.

Mwaka huu muswada umerudi, na mstari wa 1881 umerudi nao. Tumeambiwa upite kwanza, utarekebishwa baadaye. Kamati itausikiliza tarehe 9 Julai. Siku hiyo Verlene hatakuwa mtumishi wa mtu, na jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya wananchi watakaotoa ushahidi.

Dada Verlene, asante kwa kututembeza mpaka tukakuchukia, kisha tukakuelewa. Magoti yako yawe na nguvu, mipichi yako izae, na usizeeke kwa upole.

Faili la muswada wa Sorrel lililetwa mezani kwangu tarehe 24 Juni, kwa kuwa mimi ndiye ninayepokea kazi yake, na saini inayosubiriwa sasa ni yangu. Nimekwenda korongoni, nimepatafuta mahali pa jiwe kwa siku mbili. Sijasaini.