Barua Iliyoanza na Salamu: Maisha ya Tata Ntambwe Lukusa Godefroid (1952–2025)

Tata Ntambwe Lukusa Godefroid, ambaye kata nzima ya Manika ilimwita Tata Godé, alizaliwa Jumatano tarehe 12 Machi 1952 hapa Kolwezi. Baba yake, marehemu Ntambwe Stanislas, aliletwa kutoka Kasai kuja kumwaga zege kwenye bwawa la Nzilo. Mama yake, marehemu Mpoyi Tina, aliuza mihogo karibu na kituo cha treni. Wakunga walisimulia kwamba mtoto alitoka kimya, wakampiga kofi mara mbili, na alipolia hatimaye alilia kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

Waliotoka mbali wasishangae mzaha huu. Kwetu mjukuu ana haki ya kumtania nkambo wake, yaani babu yake, mpaka mdomoni mwa kaburi, na marehemu mwenyewe aliidai haki hiyo ilipwe bila kupunguzwa.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadre hapa mjini, kisha shule ya ufundi huko Likasi, alikotoka mwaka 1972 na diploma ya umeme. Mwaka wa kwanza cheti chake kilionyesha kwamba alikosa masomo karibu yote, ingawa alikaa dawati la mbele kila siku. Mwalimu aliposoma majina asubuhi, wenzake walipiga kelele tu kwamba wapo. Godefroid alisimama, akafunga kifungo cha shati, akamsalimu mwalimu, akauliza hali ya nyumbani kwake. Alipofika kwenye kusema kwamba yupo, mwalimu alikuwa amekwisha kumwandika hayupo na kufika herufi ya R.

Aliajiriwa mwaka 1973 na kampuni kubwa ya mgodi, kitengo cha vipimo, kwenye kiwanda cha kusafisha madini. Mwanzoni mwa miaka ya tisini yalikuja kutoka Ulaya makabati ya chuma yenye kompyuta ndani, na wengi waliyaogopa. Yeye aliyasalimu. Mwaka 1993, ilipoamuliwa kwamba watu wenye asili ya Kasai si wa hapa, alipandishwa treni pamoja na mke na watoto kwenda Mwene-Ditu, mji ambao hakuwahi kuuona, kutoka kituo kilicho umbali wa dakika kumi kwa baiskeli toka kitanda alichozaliwa. Alirudi mwaka 1998, kampuni ikampokea tena kazini. Hakusimulia sana habari za treni ile. Aliwahi kusema mara moja tu: "Hakuna mutu aliuliza mbele."

Mwaka 2003 kampuni iliwaomba wazee waondoke kwa hiari, hiari ambayo tarehe yake ilikuwa tayari imepigwa chapa. Makabati nayo yalitupwa uwanjani, kwenye mvua. Marehemu aliokota moja, akalisukuma mpaka nyumbani kwa toroli la kukodi, na kwa miaka mingi ndilo lililokuwa samani nzuri kuliko zote sebuleni.

Tumeruka ndoa, na Mama hatatusamehe. Tarehe 24 Julai 1976 alifunga ndoa takatifu na Mama Mbombo Louise. Uchumba ulikuwa mrefu kwa sababu mchumba alikuja kila Jumapili, akasalimu, akakaa, akasalimu tena, akaondoka. Mwishowe binti alitoka nje na kumwambia: "Tata, kama ni mimi njo unafwata, sema. Kama ni kiti, beba uende nacho." Mungu aliwajalia watoto wawili, René na Tina. Kiti kiko nyumbani hadi leo.

Tufike sasa kwenye jambo lenyewe. Parokia ilipochimba kisima cha avenyu yetu mwaka 2009, umeme ulikuja na kuondoka kama mgonjwa wa malaria, na pampu ziliungua. Marehemu alilitoa kabati sebuleni, akalifunga kwenye pampu. Toka siku ile kompyuta ile ya zamani inachungulia tangi, inausikiliza umeme, inajua wakati wa kuvuta maji na wakati wa kungoja. Ndani yake aliweka mfumo wa bure, ule unaotengenezwa na watu waliotawanyika dunia nzima bila bosi. Katikati ya mfumo huo kuna kiini, yaani sehemu inayoongea na chuma chenyewe. Kila aina ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ina lugha yake, na kiini lazima kiwe na watu wanaozijua lugha hizo zote. Prosesa ya kabati letu ilikuwa ya kizazi kilichoacha kutengenezwa zamani. Marehemu aliiita Nkambo.

Watu hao wa kiini hujadiliana kwa barua pepe ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Marehemu alizisoma kila jioni kwenye simu, kwa miaka, kama wengine wanavyofuata mpira. Aliwajua wote kwa tabia, na akampelekea Mama habari zao jikoni.

"Leo Anselm amekasirika tena."

"Kasirika ya nini?"

"Mutu mumoja alileta kazi ya bule bule."

"Na ule mama wa ku baridi, mutoto wake alipona?"

"Alipona. Ameandika leo asubui."

"Mungu asifiwe," alisema Mama, na aliwaombea kwa majina kwenye rozari, wa nchi za baridi na wa nchi za joto.

Lakini marehemu mwenyewe hakuwaandikia hata mstari mmoja. Kila toleo jipya la kiini lilipotoka, alilijaribu kwenye kabati, likaamka vizuri, akafurahi, akanyamaza. Kwake yeye, mtu humwandikia mkubwa akiwa na shida. Kumsumbua mkubwa ili kumwambia kwamba mambo ni mazuri kulikuwa ni majivuno. Pampu haikuharibika, kwa hiyo huko mbali hakuna aliyejua kwamba avenyu yetu ipo duniani.

Mwezi wa pili mwaka huu, Anselm, anayesimamia kiini, aliandika kwa wote. Alisema kwamba kubeba lugha za prosesa za kale ni kazi nzito, walezi wamechoka, na kuhusu aina hii ya Nkambo hawajasikia sauti ya mtu kwa miaka. Je, kuna yeyote bado anaitumia? Kama yupo, aseme kabla ya mwisho wa Aprili. Asipokuwepo, itaondolewa.

Marehemu aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Kisha akaisoma tena akiwa amekaa kwenye kile kiti. "Mama," alisema, "mara hii bametuuliza."

Mtu mwingine angejibu palepale. Marehemu aliona kwamba maji si yake peke yake, kwa hiyo na jibu si lake peke yake. Akaitisha kikao cha avenyu, pale kwenye pampu. Kikao cha kwanza kilishindikana kwa sababu mwenyekiti wa kamati ya maji, Tata Muamba, alikuwa Tenke kwenye harusi. Cha pili kiliangukia kwenye msiba wa jirani, na mikeka ya matanga ikiwa chini hakuna anayezungumza habari za mashine. Cha tatu kilifanyika mwishoni mwa Machi, na wengi mliopo hapa mlikuwepo. Mama Jocelyne wa maandazi ndiye aliyefungua mdomo kwanza.

"Tata Godé, bale bantu banaweza kutukatia mayi toka kule kwabo?"

"Hapana, mama. Mayi itatoka tu. Mashine haitajua hata."

"Sasa banaondoa nini?"

Marehemu aliweka mkono juu ya kabati. "Banaondoa macho yabo juu yetu," alisema. "Kesho kitu kikiharibika ndani, hakuna mwenye atakumbuka namna ya kukitengeneza."

Hapo Mechack, kijana wetu mchimbaji, aliyekuja kunawa matope ya shimo, akasema huku akijimwagia maji kichwani: "Muzee, si uandike tu 'tuko'? Neno moja!"

Mungu ni shahidi namna alivyozomewa. Tata Muamba alimwuliza kama alizaliwa na mama au aliokotwa pamoja na kobalti. "Mukubwa anakuuliza kama uko, weye unamujibu bila kusalimia? Atasema sisi ni bantu gani?" Mechack akachukua ndoo yake akaondoka, na ndiye pekee aliyekuwa na akili siku ile.

Barua iliandikwa. Ilianza kwa salamu kwa Anselm na nyumba yake, ikamsalimu mama wa ku baridi na mtoto aliyepona, ikatoa pole kwa uchovu wa walezi. Ilieleza asili ya kisima na asili ya kabati. Kulikuwa na ubishi mrefu kuhusu nani atangulie kutajwa, parokia au kamati. Kulikuwa na ubishi mwingine kama ni heshima kumwita Anselm kwa jina lake tupu. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini kabisa, ilisema kwamba ndiyo, kuna watu bado wanaitumia, nao ni avenyu nzima. Ilitumwa tarehe 19 Mei.

Anselm alijibu siku hiyohiyo. Alisema amesoma barua mara mbili, na kwamba hajawahi kupokea barua kama ile. Alisema kuwa waliiondoa wiki iliyotangulia. "Niliuliza, nikasikia kimya, nikadhani hakuna mtu." Aliongeza kwamba wanaweza kuirudisha, ikiwa marehemu atakubali kuwa mlezi wake: kusoma, kujaribu, kutengeneza, kila toleo, miaka inayokuja.

Hicho ndicho alichokitamani moyoni tangu aokote lile kabati, na sasa kifua kilikuwa kimekwisha kuanza kumbana. Mama alimwambia akubali. Alikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamjibu mtu bila kikao: "Asante. Mimi ni mzee na ninaumwa. Msimfungie mtu mwingine mzigo huu. Hukukosea, uliuliza. Sisi ndio tulichelewa." Akaendelea kuzisoma barua zao kila jioni kama zamani, ila jikoni hakuleta tena habari nyingi.

Ugonjwa wa kifua, ambao vumbi la kiwanda lilimwekea akiba, ulimlaza mwanzoni mwa Oktoba. Jumatatu tarehe 3 Novemba daktari alimwambia René wazi: mpelekeni Lubumbashi, na msingoje. Sisi familia tulielewa kila neno. Kisha tukangoja. Kaka yake mkubwa, Tata Tshiamala, alikuwa Kasaji, na mgonjwa hahamishwi bila mkubwa kusema. Barabara ya Kasaji ilikuwa matope, na pikipiki ya Tata Tshiamala ikalala njiani. Kila siku tulimwambia mgonjwa kwamba kesho tutaamua.

"Mumefika wapi?" alimwuliza René siku ya Ijumaa.

"Tata, tuko natayarisha kikao."

Marehemu akacheka mpaka akakohoa. "Mi najua hii," alisema. "Itaanza na salamu."

Aliaga dunia Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, saa tisa mchana, wakati viti vya kikao vinapangwa uani, Mama akiwa amemshika mkono. Tata Tshiamala alikuwa ameshuka kwenye pikipiki, na kabla hajaambiwa, salamu zilikuwa zimekwisha kuanza. Hatutasema zaidi. Kila aliyekuwa uani anajua kiti chake kilikuwa kipi.

René aliwaandikia watu wa kiini mistari miwili tu. Majibu yalifika kabla maji ya chai hayajachemka, kutoka nchi ambazo hatuzijui. Mama wa ku baridi aliuliza jina la mke wa marehemu, ili naye amwombee.

Marehemu ameacha mjane, Mama Mbombo Louise. Kaka, Tata Tshiamala wa Kasaji. Watoto wawili, René na Tina. Wajukuu wengi kuliko vyumba, akiwemo Chancelle aliyemsomea magazeti, na mmoja aliyeacha chuo kikuu mwaka wa pili na ndiye aliyepewa kazi ya kuandika haya, kwa kuwa alikuwa na nafasi. Ameacha pia Nkambo, ambayo dunia imeiondoa kwenye hesabu zake, na ambayo leo asubuhi imevuta maji tuliyopikia bukari, ugali wetu, ya matanga haya.

Mama ameomba jambo moja, nasi tumekubali bila kikao. Kabla udongo wa kwanza haujaanguka, Tata Muamba atasimama na kuuliza kwa sauti: "Kuna mtu bado anamuhitaji Godefroid?" Tunawasihi, ndugu na jirani. Msimtafute mkubwa wa kujibu, msimngoje aliye njiani, na salamu tuziache nyumbani leo. Mechack yuko pale nyuma, karibu na sepetu, na jibu analijua tangu mwezi wa tatu. Ataanza yeye.

Lala kwa amani, Tata Godé. Tuko.