Baba Taratibu Anaiacha Piano Yetu

Leo, Jumamosi ya kufungua msimu, Baba Taratibu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuitunza piano na jukwaa la okestra yetu ya mtaa. Mwenyekiti alitaka karani aandike maneno haya. Nilikataa. Angeandika "amestaafu kwa hiari", akaweka nukta, nanyi mngepiga makofi mkaenda zenu. Naandika mimi, bibi yenu wa ngoma kubwa, ninayekaa nyuma ya wote na kuona kila kisogo kinachoinama kunong'ona.

Alikuja kama mlinzi wa stoo, kijana mwembamba, ukumbi huu ukiwa bado ghala la magunia. Mvua ya kwanza paa lilivuja. Akavua koti lake akaifunika piano, yeye akarudi nyumbani ametota. Mkewe hakuamini. Kesho yake alikuja mwenyewe, amejifunga kibwebwe, kumwona kwa macho huyo anayevishwa koti la mumewe.

Jina la Taratibu tulimpa sisi. Ndilo neno pekee alilolitoa kila piano iliposukumwa, na alimwambia yeyote, hata mgeni rasmi. Yeye hakumwamini kabisa mtu aliyeisogelea piano na kikombe. Kiongozi wetu wa muziki aliwahi kuweka chai yake juu ya piano. Baba Taratibu akaichukua, akainywa yote, akamrudishia kikombe na shukrani. Tangu hapo mkubwa hunywa chai yake nje.

Sasa niseme lile ambalo karani angeliruka.

Mpiga piano mgeni wa kufungua msimu tunamchagua kwa masikio. Wanaoomba nafasi hupiga nyuma ya pazia, sisi tunakaa mbele na kunyoosha mikono bila kuona sura. Baba Taratibu ndiye aliyekuwa huko nyuma, akiwaita mmoja mmoja. Safari hii wengi wetu tulimchagua wa nne. Pazia likavutwa. Kumbe ni binti yake Baba Taratibu, aliyehama zamani na kuwa mwalimu wa muziki.

Kisha mpiga tarumbeta akasema kiti kimewaumbua. Kile kiti cha piano hulia kikizungushwa kupanda au kushuka. Kwa wenzake wote kililia. Kwa wa nne kilikaa kimya. Basi, akasema, baba mtu alikipima mapema kwa kimo cha bintiye, na ukimya ule ulikuwa ishara kwa rafiki zake. Mpiga filimbi akadakia kwamba na yeye alishuku tangu mwanzo. Alishuku nini, na mkono wake ndio uliotangulia kunyooka?

Ukimya ule hata mimi niliusikia, siwafichi. Nikamfuata binti nikamkazia macho. Akanijibu kwamba piano alijifunzia kwenye benchi la shule lisilopanda wala kushuka, kwa hiyo hukalia chochote anachokikuta. Alisema mara moja, akanyamaza. Wanaonidanganya mimi huwa hawaishi kueleza.

Mwenyekiti akashauri tuwasikilize upya, Baba Taratibu asubiri nje. Yeye akakataa kusubiri nje. Alikuwa amebakiza miaka miwili ya kazi. Akachomoa funguo kiunoni, akaniwekea mkononi.

"Bibi," akasema, "nikibaki, kila akigusa piano watanitazama mimi. Nataka wamsikilize yeye."

Akaondoka saa ileile.

Jumapili iliyofuata nilikaa nyuma ya pazia mwenyewe, maana simwamini mtu. Wote walirudi, nikawapanga upya, na kiti nikakizungusha kwa mkono wangu kwa kila mmoja, kikalia mpaka meno yakaniuma. Mkamchagua yuleyule. Mikono ilikuwa mingi zaidi ya mara ya kwanza, na wa mpiga tarumbeta ulikuwa juu kuliko yote.

Mwenyekiti akaenda kumbembeleza mzee arudi kazini. Alipokewa vizuri, akapewa kiti, akaambiwa hapana. Akirudi, maneno nayo yatarudi. Ndiyo maana leo mnaambiwa amestaafu. Sawa, amestaafu. Lakini mjue waliomstaafisha ni midomo yetu, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwambia samahani.

Jioni hii bintiye anapiga. Baba mtu na mkewe wako safu ya mbele, upande wa mikono ya mpiga piano. Nyinyi wawili mnajijua. Mlimshuku mbele ya watu. Basi kabla taa hazijazimwa mshuke jukwaani, mbele ya watu, mkampe mkono. Sitaki hotuba.

Na wewe, Baba Taratibu, tumekuchosha na tumekuudhi, na bado umetuachia piano isiyo na mkwaruzo. Asante, mwanangu. Leo huna cha kusukuma wala cha kufunga. Msikilize mtoto wako. Tunakuombea siku nyingi, zenye afya na moyo mweupe.