Mtoto Wangu Alikuwa Anasalimia Mfuko

Bwana asifiwe! Wale wameitikia wakiangalia simu, nimewaona. Msijali, mimi ndio nilikuwa mwenyekiti wenu.

Wengi mnanijua. Nachonga mawe pale kwari. Shule niliachia form two, kwa hivyo nikikosea Kiswahili muite tu ni upako.

Niko na binti wa miaka minne. Zamani nikitoka kazi nimechoka, mgongo inalia, yeye alikuwa anataka kunipanda kama ngazi. Siku moja nikamwekea katuni kwa simu. Ndugu zangu, nawaambia, nyumba ilinyamaza! Nikasema, kumbe kulea ni rahisi hivi? Nikakuwa mtu wa kujisifu kwa majirani wa ploti: "Wangu hasumbui."

Sasa, niko na jirani Mmaasai. Jina sitaji, na muache kugeuza shingo. Tulikuwa tunafika geti saa moja jioni mimi na yeye. Binti yake, rika ya wangu, anatoka mbio, anainamisha kichwa, baba anamgusa hapo juu, "Sopa!" Ndio salamu yao. Mtoto anacheka. Wangu naye anatoka mbio, ananyoosha mkono. Haiji kwangu. Inaenda mfuko ya suruali. Akishashika simu, ameenda. Hata sura yangu haoni.

Wivu iliniingia, mkiniona hivi. Nikaanza kuchelewa makusudi ndio nisiingie na huyo mwanaume. Halafu nikaona hiyo haitoshi, nikanunua peremende nikampatia binti yake, ndio akuwe ananisalimia mimi kwanza. Mke wangu akanishika pale nyuma ya tanki ya maji.

"Baba yake, umeanza kuhonga watoto wa wenyewe?"

"Si ni upendo ya jirani?"

"Wako yuko ndani. Enda umuhonge."

Nikaficha peremende kwa mfuko. Ningemwambia ati naonea simu wivu? Mwanaume mzima, ndevu iko, nashindana na kitu ya kuchajiwa!

Siku moja hiyo simu ikaanguka kwari, jiwe ikaikalia. Kusema ukweli, moyoni nilifurahi. Nikasema leo adui amekufa, leo nitasalimiwa. Nikafika geti nikitabasamu kama bwana harusi. Binti akakuja, akapapasa mfuko hii, akapapasa ingine, akapapasa shati. Akageukia mama yake, analia:

"Mama, hakuna."

"Hakuna nini na baba amekuja?"

"Hakuna simu. Ni yeye tu."

Ni yeye tu. Wacheni kucheka, mimi hiyo siku sikucheka. Nilikaa kwa ngazi mpaka jirani akaniona, akakuja kukaa. Nikameza wivu, nikamuuliza anafanyanga nini ndio mtoto amsalimie hivyo.

Akaniambia, "Mzee, mtoto huinamisha kichwa kwa sababu anajua mkono inakuja. Wewe ukiingia, mkono yako huwa na nini?"

Mkono yangu ilikuwa na simu. Mimi mwenyewe ndio nilikuwa naitoa kama tikiti: shika hii, niache. Mtoto hakunikataa. Alisoma vile nilimfundisha.

Simu ikatengenezwa. Mke wangu akaweka sheria: tukifika nyumbani, simu zote zinaingia kwa sufuria juu ya kabati. Katuni ni Jumamosi, na mmoja wetu anakaa hapo na yeye. Wiki ya kwanza binti alilia siku mbili. Siku ya tatu alishazoea, anacheza na vifuniko vya chupa. Hiyo siku ya tatu, nani alipatikana amepanda stuli anafungua sufuria? Ni mimi.

Lakini nikakaza. Kila jioni nafika, nainama, nanyoosha mkono tupu. Anapita. Kesho tena. Anapita. Halafu Alhamisi moja yule binti wa jirani akakuja kunisalimia, na wangu akamfuata nyuma, akainamisha kichwa na nguvu mpaka akanigonga tumbo. Nikamgusa. Mkono ilikuwa na vumbi ya mawe, ikaacha alama nyeupe kwa nywele, vidole zote tano. Mama yake akaleta kitambaa. Nikamwambia, "Ngoja kwanza."

Namshukuru mke wangu na hiyo sufuria yake. Namshukuru jirani, na nataka msamaha yake kwa zile peremende. Mtoto wake meno zikiuma, ni mimi.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Labda. Lakini wazazi wenzangu, hiyo mkono tupu ndio mtoto ataweka kichwa chini yake. Ukifika nyumbani, fika nayo.

Na muniombee. Jana binti yangu alisalimia jirani kabla yangu, na nimeshindwa kulala.