Gari la Maziko la Mkwajuni

Ukitoka Kigombe ukashika barabara ya vumbi kuelekea kusini utafika Mkwajuni, kijiji chenye msikiti mzuri, minazi ya kutosha na zahanati iliyoishia kwenye msingi tangu enzi za diwani aliyepita. Siku hizi mbuzi ndio wanaolala humo. Mbele ya msikiti kuna benchi, na kila baada ya sala ya Alasiri watu hukaa hapo wakanywa kahawa ya Bi Mwatumu na kuhukumu mambo ambayo hakuna aliyewatuma. Siku hiyo alikuwapo Maulid, aitwaye Dokta kwa kuwa alifagia wodi mjini Tanga mpaka akastaafu, na Jaku Katibu, anayetembea na ufunguo wa gari la maziko shingoni. Wa tatu alikuwa Shaib Makumbi, msokota kamba, na yeye hakuja kupiga soga. Mkewe Harusi alikuwa karibu kujifungua. Mimba ya kwanza uchungu ulimshika alfajiri, wakampakia kwenye bodaboda, na mtoto akazaliwa njiani, kimya. Sasa dada wa bima ya afya alikuwa ofisi ya kijiji akiandikisha watu, na jioni hiyo hiyo anaondoka.

– Nambieni basi, alisema Shaib. Niikate hii bima au niiache?

– Kata, alisema Dokta, ila mkeo asinenepe. Kadi ina picha. Akifika pale uso umevimba, wanakwambia huyu siye.

– Mjamzito si lazima avimbe?

– Ndo hapo sasa. Walishaliona hilo, yakhe.

Jaku alitikisa kichwa.

– Taabu si picha. Taabu ni mwili. Ukishajua umelipiwa, unadeka. Shemeji yangu wa Horohoro alikuwa haumwi hata jino. Kukata bima tu, mara mgongo, mara macho, mara moyo unamwenda mbio.

– Shemejio ana umri gani? aliuliza Bi Mwatumu.

– Themanini na ushei. Lakini alikuwa mzima.

Bi Mwatumu alimimina kahawa bila kucheka. Maneno ya namna hii ameyasikia miaka, na benchi halijawahi kumponya mtu.

– Mie nikupeni siri, alisema Dokta. Hospitali imewekwa mbali makusudi. Ukiugua, mpaka uifikie, ama umeshapona ama umeshakufa. Kote kuwili bima hailipi kitu.

Kisha akamwona Shaib alivyoinama.

– Nisamehe, Makumbi. Ulimi huu.

– Yameshapita, alisema Shaib, ingawa hayakuwa yamepita hata kidogo.

Mara akatokea Rahila, dada wa bima mwenyewe, begi begani, viatu vimejaa vumbi.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, mwanetu. Kaa, upate kikombe.

Shaib hakumsubiri hata apoe.

– Dada, wa kwanza tulimpoteza njiani, kwenye bodaboda. Hii kadi itamfikisha mke wangu hospitali?

– Pole sana, kaka. Hapana, nisikudanganye. Kadi inaanza kazi mkishafika getini. Huko atapokewa, atazalishwa, hata akihitaji kupasuliwa. Kufika ni juu yenu.

– Juu yetu, alirudia Shaib.

Rahila alitazama pembeni ya msikiti. Pale kivulini palikuwa na pikapu nyeupe, imeoshwa ikang'ara.

– Na lile gari?

– La maziko hilo, alisema Jaku akikaa vizuri. Kijiji kizima tulichanga. Mtu wetu akifia popote, hata Mombasa, linamfuata, hadaiwi kitu. Mafuta hayakauki humo.

– Na mgonjwa?

– Mgonjwa hapandi. Mkosi huo. Umlaze mtu hai pale wanapolala maiti, si unamwitia mauti?

– Hapo kweli, alisema Dokta, na ndipo wawili hao walipokubaliana kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Rahila alikunywa funda moja, akakishika kikombe mkononi.

– Huyo mtoto wa kaka, mlimrudisha na nini?

– Na hilo hilo, alisema Jaku upesi. Niliwasha mwenyewe. Nilipopata habari tu, nikaondoka.

– Kumbe asubuhi ile lilikuwapo hapa?

Jaku aliufunika ufunguo kwa kiganja. Dokta alipapasa sahani ya kashata iliyobaki chenga. Shaib aliikumbuka alfajiri ile: Harusi katikati yake na dereva, anauma kanga, na bodaboda inapita ubavuni mwa gari lile lile. Yeye aligeuza uso ili asilione, asije akamtia mkewe nuksi. Alilichangia pia, kama wenzake. Hasira ilimpanda, hasira iliyochoka, isiyojua imwangukie nani wakati yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kulaumiwa.

Bi Mwatumu aliinamisha birika, yakatoka masimbi matupu.

– Kahawa imekwisha, alisema.

Hakuna aliyenyanyuka.

– Niandike, dada, alisema Shaib. Harusi na mimi.

Kisha akanyoosha mkono mbele ya Jaku, kiganja juu, macho kwenye ule ufunguo. Jaku hakuutoa. Lakini hakumwambia aondoe mkono.