Wanaokunywa Maji ya Chupa

Fundi cherehani aliyeketi mbele yangu kwenye basi hakuwa na wakili, hakuwa na maabara, na mumewe hakuwa tena na figo nzima. Alikuwa na barua tu, ya kuitaka mamlaka ya maji ikibane kiwanda cha sufuria kwa kemikali zilizoingia visimani mwetu.

“Miaka yote nachemsha maji, kaka yangu, kumbe sumu hii haijui moto,” alimwambia abiria aliyeketi kando yake, mwanamume wa makamo mwenye sare ya kiwanda.

“Mama, unawaonea. Hata mabosi hawakujua.”

“Nyie huko kazini mnakunywa yapi?”

“Ya chupa. Tunaletewa tangu mwaka juzi.”

Sisi mtaani tulitangaziwa habari za sumu mwezi uliopita tu. Bwana yule akaanza kulikagua dirisha kama anayetaka kulinunua. Mama akaifungua barua juu ya goti, akaongeza sentensi moja.

“Usinitaje, tafadhali! Nina watoto.”

“Nitakutajaje na jina lako silijui? Ila ungekwenda kusema mwenyewe. Watoto wako wanakunywa ya chupa nao?”

Basi likasimama mbele ya posta. Mama akalamba bahasha, akaifunga, akashuka kuituma.