Mkanda wa Lahcen

Teksi ya Lahcen ilikata kona za mlima Tishka, na kwenye kiti cha nyuma wanawake wawili wasiojuana walikuwa wamebanana. Ghizlane, aliyekuja likizo kutoka Ubelgiji, alipapasa kiti akitafuta mkanda wa usalama.

"Acha, binti!" Hajja Yamna alimkemea. "Unamtukana dereva wa watu."

"Hajja, bonde hilo halijui heshima."

"Miaka ishirini napanda teksi ya huyu, sijakwaruzika!"

"Waliotumbukia nao wangesema hivyohivyo jana yake."

Lahcen alijifanya hasikii. Vifungio vya mikanda ya nyuma alivikata mwenyewe, visiwachome abiria. Cha kwake kilivunjika mwaka juzi.

Mbele, askari akainua mkono. Lahcen akavuta mkanda kifuani, akasimamisha gari.

"Lahcen, mwanangu," Hajja akauliza polepole, "mbona umeushikilia kwa mkono?"