Maji ya Kumwogesha Baba

Basi lilikwenda taratibu kwenye mvua, na muuguzi aliyetoka zamu alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, nusu yupo, nusu hayupo. Sauti za wanaume wawili wa kiti cha nyuma zilimjia kama zinatoka chini ya maji.

"Hita ya bafuni, ile isiyo na tangi," alilalamika mmoja. "Inachemka kupita kiasi halafu inajizima. Juzi imemuunguza baba begani. Sasa hataki tena nimwogeshe."

"Bomba unalifungua lote?" aliuliza mwenzake, fundi umeme aliyepakata mkoba wake wa bisibisi kama mtoto.

"Kidogo tu. Yakija kwa kishindo mzee anashtuka."

"Basi hita unaionea bure, ndugu yangu. Maji yakipita membamba, moto unayazidi nguvu. Wewe punguza moto, maji yaache yaje."

"Nimekwambia anaogopa kelele."

"Na mvua kama hii?"

"Mvua anaipenda. Ananiomba nimfungulie dirisha aisikie."

Fundi akaguna. Muuguzi, ambaye alikwisha kuwaogesha baba za watu wengi, alifumba macho zaidi, maana ndoto hii ilikuwa imeanza kumhusu.

"Sasa ukishamvua nguo," fundi aliuliza polepole, "huwa anakwambia nini?"

Yule mtoto wa mzee aligeukia dirisha lenye mvua.

"Ananiambia nizime taa, nisimwone."

Basi likasimama. Mlango ulifunguka, kishindo cha mvua kikaingia chote, na hakuna aliyeshtuka.